Fawn Brodie na Ushahidi wa Walionyimwa Kalamu

0. Utangulizi

Kila mwaka, miongoni mwa wanafunzi wanaoandaa kazi ya kumaliza lisansi, hutokea wawili watatu wanaochagua kuandika maisha ya mtu: chifu, mwimbaji, katekista, mwalimu wa zamani. Ni uchaguzi mzuri, na walimu huukubali kwa furaha. Lakini mara nyingi kazi inapofika mikononi mwetu tunakuta jambo la kusikitisha. Mwanafunzi amepekua ripoti za watawala wa kikoloni, amenakili barua za wamisionari, amepanga marejeo yake kwa uangalifu. Na mjukuu wa huyo chifu, anayeishi mitaa mitatu tu kutoka chuoni, hakuulizwa neno. Tulipomwuliza mmoja wao sababu, alijibu kwamba mjukuu si chanzo. Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Tumechagua kuzungumzia mwandishi wa wasifu aliye mbali sana nasi kwa nchi na kwa malezi: Fawn McKay Brodie, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1915 katika ukoo mkubwa wa Wamormoni na kufariki mwaka 1981. Hatukumchagua kwa ajili ya umaarufu wake. Tumemchagua kwa kuwa vitabu vyake vimepata bahati ambayo wahakiki huipata kwa nadra: baadhi ya madai yake makubwa yalikuja kupimwa baada ya kifo chake, si kwa hoja bali kwa damu, na matokeo yakatoka ya namna mbili. Mahali pamoja alisifiwa, mahali pengine alikanushwa. Swali letu ni hili: alipopatia, alikuwa amemsikiliza nani? Na alipokosea, nani alikuwa amemwacha nje? Sababu ya pili ni ya nyumbani zaidi. Mojawapo ya vitabu vyake inafika hadi Uvira.

1. Binti wa Huntsville

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake huitwa Wamormoni, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830. Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha huko Carthage, Illinois, mwaka 1844, na sehemu kubwa ya wafuasi wake wakamfuata Brigham Young hadi bonde la Utah, walikofika mwaka 1847. Fawn McKay alizaliwa Ogden katika nchi hiyo hiyo ya Utah, akakulia katika kijiji cha Huntsville. Kwa upande wa mama, babu yake, George Brimhall, alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Kwa upande wa baba, David McKay, ndugu wa baba yake, alikuwa mmoja wa mitume wa Kanisa tangu 1906, na kuanzia 1951 hadi 1970 akawa Rais wake, yaani nabii wa Wamormoni wote. Msomaji apime mwenyewe uzito wa jambo hilo. Baba huyu, kwa hesabu ya ukoo wa kwetu, si mjomba wala jamaa wa mbali, ni baba.

Alisoma chuo cha mahali, kisha Chuo Kikuu cha Utah, alikomaliza fasihi ya Kiingereza mwaka 1934, kisha Chicago, alikopata shahada ya pili mwaka 1936. Mwaka huo huo aliolewa na Bernard Brodie, kijana wa familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Latvia, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanafikra wakubwa wa mikakati ya vita katika zama za silaha za nyuklia. Ndoa ya namna hiyo, nje ya imani na nje ya kabila, ilikuwa tayari hatua ya kutoka nyumbani.

Hatutaki kurefusha habari za maisha yake. Ziko katika wasifu ulioandikwa na Newell Bringhurst mwaka 1999. Jambo moja tu tunaliweka wazi kwa kuwa linahitajiwa mbele. Brodie hakuwa mwanahistoria kwa mafunzo. Alisomea fasihi. Alikuwa akisoma barua na shajara kama sisi tunavyosoma riwaya: akitafuta sitiari, akitafuta neno linalorudiwarudiwa, akitafuta pengo katika maelezo. Huko ndiko ilikotoka nguvu yake, na huko ndiko alikojikwaa.

2. Nabii na sura za watoto

Kitabu chake cha kwanza, No Man Knows My History, yaani Hakuna Aijuaye Historia Yangu, kilitoka Novemba 1945. Ni wasifu wa Joseph Smith. Kwa mara ya kwanza mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba ile aliandika maisha ya mwanzilishi bila kumtetea kama nabii na bila kumtukana kama laghai wa mtaani. Brodie alimchora kijana mwenye kipaji kikubwa cha kubuni, aliyeanza na hadithi za hazina zilizofukiwa ardhini, akaishia kuamini mwenyewe kile alichokibuni. Uadilifu wake unaonekana mahali ambapo wapinzani wa Wamormoni wangependa anyamaze: aliikataa nadharia iliyopendwa sana kwamba Kitabu cha Mormoni kiliibwa katika mswada wa Solomon Spalding, akaonyesha kwamba nadharia hiyo haisimami. Kwa Brodie, Smith alikuwa mtunzi halisi.

Juni 1946 Kanisa likamtenga. Aliitwa kujibu shtaka la uasi, hakwenda. Mwaka huo huo msomi wa Kimormoni Hugh Nibley alitoa kijitabu cha kumkejeli ambacho hadi leo baadhi ya watu hukisoma kwa raha zao. Ubaya wa kejeli ni kwamba huchekesha wenye msimamo tayari na hauwafikishi wengine popote.

Sehemu ya kitabu inayotuhusu hapa ni ile ya ndoa za mitala. Kanisa lilijulikana kwa mitala wakati wa Brigham Young, lakini habari za mwanzilishi mwenyewe zilikuwa zimefunikwa. Brodie alikusanya orodha ndefu ya wanawake aliosema walifungishwa ndoa na Smith, baadhi yao wakiwa na waume hai. Alitumia nini? Kwa kiasi kikubwa alitumia viapo ambavyo wanawake hao wenyewe, wakiwa wazee huko Utah, walivitoa baadaye katika karne ya 19 na kuvitia sahihi. Walitakiwa na viongozi wao waseme, wakasema. Maneno hayo yalikuwa yamechapishwa, yakakaa, na hakuna aliyeyajengea kitabu. Watafiti waliofuata wamepunguza majina fulani na kuongeza mengine, lakini kiini cha sura zile kimesimama. Mwaka 2014 Kanisa lenyewe lilichapisha maelezo yanayokubali kwamba mwanzilishi wake alioa wake wengi, wakiwamo walioolewa tayari.

Lakini Brodie hakutosheka na viapo. Alitaka watoto. Akatafuta wavulana na wasichana ambao huenda walizaliwa na ndoa hizo, na katika habari ya Oliver Buell aliegemea picha: aliiweka picha ya Oliver kando ya picha za wana wa Smith wanaojulikana, akahukumu kwamba sura zao zinamaliza ubishi. Katika miaka ya 2000 mtaalamu wa vinasaba Ugo Perego na wenzake walichunguza kromosomu Y za wazao wa kiume wa baadhi ya watoto hao. Oliver Buell hakuwa mwana wa Joseph Smith. Moroni Pratt hakuwa. Zebulon Jacobs hakuwa.

Tunaomba msomaji asipite haraka hapa. Katika sura hiyo hiyo moja, ya mwandishi huyo huyo, kuna vitu viwili. Kuna maneno ya wanawake waliojisemea wenyewe, nayo yamesimama. Kuna macho ya mwandishi yaliyosoma uso wa mtu asiyesema, nayo yamedanganyika.

3. Monticello: Madison alisema nini

Baada ya Smith, Brodie aliandika maisha ya Thaddeus Stevens (1959), mbunge wa Pennsylvania mwenye mguu wa kiwete aliyepigania haki za watumwa walioachwa huru. Ni kitabu kizuri, kigumu kidogo, na hapa ndipo nadharia za Freud zilipoanza kukalia kiti cha mbele katika kazi zake. Tunakipita ili tufike kwenye kile kilichozusha makelele kuliko vyote: Thomas Jefferson: An Intimate History, cha mwaka 1974.

Jefferson, mwandishi wa Tangazo la Uhuru la Marekani na rais wa tatu wa nchi hiyo, alimiliki mamia ya watumwa katika maisha yake. Mmoja wao alikuwa Sally Hemings, aliyezaliwa mwaka 1773, ambaye kwa habari za ukoo wake alikuwa ndugu wa baba mmoja na marehemu mke wa Jefferson. Sally alifika Paris mwaka 1787 akimsindikiza binti wa Jefferson, aliyekuwa balozi huko, wakarudi Virginia mwaka 1789. Mwaka 1802 mwandishi wa gazeti James Callender, aliyekuwa na kisasi chake, alitangaza kwamba rais anazaa na mtumwa wake na kwamba yuko mtoto aitwaye Tom. Wataalamu wakubwa wa Jefferson katika karne ya 20 waliikataa habari hiyo. Wakasema kama watoto wa Sally walikuwa weupe kupita kiasi, baba yao ni mmoja wa wapwa wa Jefferson, wana wa dada yake, walioitwa Carr. Habari hiyo ya wapwa nayo ilitoka katika familia, lakini familia ya kizungu. Hiyo ilihesabiwa kuwa chanzo.

Upande wa pili kulikuwa na Madison Hemings, mwana wa Sally, aliyezaliwa mwaka 1805, fundi seremala huko Ohio. Mwaka 1873 alisimulia maisha yake kwa mhariri wa gazeti la mahali, Pike County Republican. Alisema baba yake ni Thomas Jefferson. Alieleza ahadi ambayo mama yake alipewa kule Paris ndipo akubali kurudi utumwani: kwamba watoto wake wataachwa huru watakapofikia umri. Aliwataja ndugu zake kwa majina. Simulizi hiyo ilikuwako kwa miaka 100. Wanahistoria waliifahamu. Wengine walisema ni propaganda ya wapinga utumwa, wengine kwamba mzee alijitafutia ukoo wa heshima, wengine kwamba lugha yake ni safi mno kwa mtu aliyezaliwa mtumwa. Hoja hii ya mwisho sisi watu wa isimu tunaifahamu vizuri: mtu akizungumza vibaya hasikilizwi kwa kuwa ni mjinga, akizungumza vizuri hasikilizwi kwa kuwa maneno si yake.

Brodie aliichukua simulizi ya Madison kama ushahidi wa mtu mzima mwenye akili timamu. Aliilinganisha na daftari za shamba na kalenda ya safari za Jefferson, iliyoonyesha kwamba yeye alikuwako Monticello miezi tisa kabla ya kila uzazi wa Sally. Kisha akaichapisha yote mwishoni mwa kitabu ili msomaji ajisomee. Kwa maoni yetu kiambatisho hicho ndicho kurasa bora kabisa alizotoa katika maisha yake, na hakuandika hata neno moja ndani yake.

Kurasa nyingine si bora hivyo. Jefferson alipozunguka Uholanzi na bonde la Rhine mwaka 1788, aliandika habari za udongo, na mara kadhaa alitumia neno lenye maana ya chotara kueleza rangi ya ardhi. Brodie aliona hapo ishara ya mapenzi kwa Sally. Garry Wills alimcheka katika New York Review of Books mwaka huo wa 1974, na katika hilo Wills alikuwa na haki. Mkulima huandika rangi ya udongo kwa maneno yaliyo kawaida katika wakati wake. Mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa kwanza angeuliza kwanza: je, wasafiri wengine wa siku hizo walitumiaje neno hilo? Brodie hakuuliza. Alikuwa na sitiari, akaridhika nayo.

Mwaka 1997 mwanasheria Annette Gordon-Reed alitoa kitabu kilichoonyesha, hatua kwa hatua, jinsi wanahistoria walivyompima Madison kwa mizani moja na wajukuu wa Jefferson kwa mizani nyingine. Novemba 1998 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa kromosomu Y. Mzao wa Eston Hemings, mdogo wake Madison, alilingana na wazao wa Field Jefferson, baba mkubwa wa Thomas. Ukoo wa Carr haukulingana. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba kromosomu hiyo haitaji jina la mtu, inataja ukoo wa kiume tu; lakini ikiunganishwa na simulizi na kalenda, wasomi wengi wamekubali, na mwaka 2000 shirika linalotunza Monticello nalo likakubali. Brodie alikuwa amekufa miaka 19 kabla.

Hadi hapa ni hadithi inayopendeza, na ndivyo inavyosimuliwa mara nyingi: mwanamke mmoja dhidi ya maprofesa, kisha sayansi inampa haki. Lakini uchunguzi ule ule wa 1998 ulikuwa na tokeo jingine ambalo wanaomsifu hulitaja kwa sauti ndogo. Brodie alikuwa ameamini kwamba yule Tom wa Callender alikuwako kweli, kwamba ndiye mtoto wa kwanza wa Sally, aliyebebwa mimba Paris. Wako watu, wazao wa Thomas Woodson, wanaojihesabu kuwa wametokana naye. Damu yao haikulingana na ya ukoo wa Jefferson.

Basi turudi kwa Madison. Alisemaje kuhusu mtoto huyo wa kwanza? Alisema mama yake alirudi akiwa na mimba, akajifungua, na mtoto aliishi muda mfupi tu. Brodie alikuwa na maneno hayo mkononi, aliyachapisha mwenyewe. Lakini mahali hapo, na karibu mahali hapo peke yake, aliona ni afadhali kumsadiki mwandishi wa gazeti mwenye kisasi kuliko mwana wa mwenye habari. Kwa nini? Nadhani kwa sababu Tom alifaa katika riwaya. Mtoto wa mapenzi ya Paris, aliyefukuzwa nyumbani akiwa kijana: ni mhusika mzuri mno wa kumwacha afe mchanga. Mtu aliyemtetea Madison mbele ya wote akamwacha Madison kwa ajili ya mpango wa kitabu chake.

4. Burton mbele ya Ruzizi

Sasa tuje ziwani. Kati ya Stevens na Jefferson, mwaka 1967, Brodie alitoa The Devil Drives, wasifu wa msafiri na mfasiri Richard Burton. Msomaji wa Kongo huenda akakutana nacho kwa Kifaransa, kwa jina Un diable d'homme, tafsiri iliyotoka Paris mwaka 1992. Njia iliyomfikisha kwa Burton ilianzia nyumbani kwao: Burton alitembelea Salt Lake City mwaka 1860, akamwona Brigham Young, akaandika kitabu juu ya Wamormoni, Brodie ndiye aliyekihariri upya mwaka 1963. Binti aliyetengwa alivutiwa na mgeni aliyeweza kuutazama ukoo wake bila chuki.

Kazi ilikuwa ngumu. Burton alipokufa Trieste mwaka 1890, mkewe Isabel alichoma sehemu kubwa ya maandishi yake. Brodie alilazimika kumtafuta mtu katika pambizo za tafsiri zake, katika maelezo marefu ya chini ya kurasa, na hapo usomaji wake wa kifasihi unafanya kazi nzuri sana. Kuhusu ugomvi wa Burton na mwenzake Speke ameandika kurasa zenye uhai mkubwa.

Ila sisi tuliokulia Uvira tunasoma sura za safari ile kwa jicho jingine. Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika Februari 1858, mmoja akiwa hawezi kutembea, mwingine akiwa karibu kipofu. Walikuwa wanatafuta chanzo cha Nili. Swali lote likawa katika mto mmoja, Ruzizi, upande wa kaskazini: je, unatoka ziwani au unaingia? Ukiwa unatoka, huenda ndio Nili. Waliingia mitumbwini, na mwishoni mwa Aprili wakafika Uvira. Wapiga kasia walikataa kwenda mbele zaidi. Hapo wana wa mfalme Maruta walikuja kuwaamkia, wakaulizwa, wakajibu: mto unaingia. Bombay naye, mkalimani wao, akaeleza kwamba habari iliyotangulia kutoka kwa mfanyabiashara Mwarabu ilifahamika kinyume.

Hebu tutazame mnyororo wa lugha katika jambo hili. Burton alikuwa amejifunza Kiswahili kiasi. Speke hakukijua, alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani hadi India na kurudi pwani akiwa mtu huru. Kati ya watu wa ziwa na wasafiri palikuwa na lugha tatu, pengine nne. Na katika Kiswahili chenyewe, mtu akisema mto unatokea ziwani, mwingine atasikia kwamba chanzo chake ni ziwa, mwingine atasikia kwamba unajitokeza hapo, unafika. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Tunasema kwamba hapa palikuwa na swali ambalo mwandishi aliyesomea fasihi, aliyezoea kupima neno moja hadi kulikamua, angeweza kuliuliza. Brodie, aliyehesabu neno la chotara katika udongo wa Uholanzi, hakusimama juu ya neno ambalo hatima ya mtu wake ilining'inia.

Kwa kuwa kilichofuata ni hiki. Speke alifika Uingereza kwanza na ziwa lake la kaskazini, akapewa heshima yote. Alikufa kwa bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wao wa hadharani mjini Bath. Miezi michache haikupita Burton akaandika katika The Nile Basin kwamba Ruzizi huenda unatoka Tanganyika kuelekea kaskazini. Yaani, ili kumshinda marehemu, aliyatupa maneno aliyoyapata Uvira mwenyewe. Novemba 1871 Stanley na Livingstone walikwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa wakaona maji yanaingia. Mtoto yeyote wa Uvira angewaambia. Na kwa kweli waliwaambia.

Kwa Brodie tukio hili ni la moyo wa Burton: tamaa iliyovunjika, mwili uliochoka, wivu kwa Speke. Yote hayo ni kweli. Lakini katika kitabu hicho watu wa ziwa wamebaki mandhari. Alitegemea vitabu vya wasafiri, na hakutafuta upande wa pili. Tusiwe wakali kupita kiasi: mwaka 1967 mtu aliyekaa California angeupata wapi? Jibu ni kwamba palikuwa na pa kuanzia. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, yalikuwa yamechapishwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Hayamzungumzii Burton kwa urefu wowote, lakini yanamfundisha mwandishi jinsi misafara ilivyoonekana na wenyewe. Bombay alihudumia safari nne kubwa na mwaka 1876 akapewa medali ya fedha na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Huyo si mandhari.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaodai kwamba kosa la Brodie ni Freud. Freud alimharibia kurasa, hakumharibia kitabu. Katika Jefferson alikuwa na Freud yule yule, na kitabu kikasimama kwa kuwa chini yake palikuwa na Madison. Katika Burton hapakuwa na Madison. Katika Nixon, kitabu chake cha mwisho kilichotoka 1981 baada ya kufa kwake, chuki yake kwa mhusika ilijaza nafasi ambayo ilipaswa kujazwa na sauti nyingine. Alihoji watu wengi, na bado msomaji anahisi kwamba hukumu ilitangulia mahojiano.

Tukirudi kwa mwanafunzi wetu na mjukuu wake wa chifu, hatumwambii kwamba mjukuu husema kweli daima. Wazao wa Woodson nao walikuwa na simulizi ya ukoo, wameishika kwa vizazi, na damu haikuikubali. Tofauti ni kwamba Madison alisimulia habari za mama yake mzazi na ndugu aliolala nao chumba kimoja. Alitaja aliyekufa, aliyekwenda Washington, aliyeoa wapi. Simulizi yake ingeweza kupimwa, na Brodie aliipima. Hapa Lubumbashi tuna mfano wa karibu: Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, aliyoiandika André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha mji huu kwa ajili ya watumishi wa nyumbani. Ilikaa miaka mingi bila kuhesabiwa kuwa historia, hadi Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990. Tarehe zake baadhi haziko sawa. Basi zisahihishwe, ndiyo kazi yetu. Lakini kwanza isomwe.

Limebaki jambo moja katika maisha ya Brodie ambalo wasomaji wake Wamormoni na wasio Wamormoni wamelijadili sana. Mwishoni mwa 1980 alikuwa hospitalini California, kansa imemzidi. Kaka yake Thomas alikuja kumwona kutoka Utah. Brodie alimwomba ambariki kwa kumwekea mikono, kama baba yao alivyokuwa akifanya. Kaka akafanya hivyo. Baada ya siku chache, mwanamke huyu aliyetumia miaka 40 kusoma mioyo ya watu waliokufa aliandika maelezo mafupi na kuyatoa: kwamba alifurahi kupata baraka hiyo kwa mikono ya kaka yake, na kwamba mtu yeyote asije akaifasiri kama ombi la kurudi Kanisani. Alifariki tarehe 10 Januari 1981.